Maswali ya Wasomaji: Adui Akija Mezani, Utajuaje Kama Anakudanganya?

Barua za mwezi huu zimetoka zaidi kwenye wilaya za mpakani, na swali lililomo ni karibu lile lile: tuwaamini vipi watu waliokwisha kutudanganya? Tumechagua tano na kuzifupisha. Majina ya walioandika tumeyaacha, kwa sababu baadhi yao wanaishi jirani na hao wanaowaandikia habari zao. Majibu ni ya jopo letu la masuala ya usalama na mipaka.

Ndugu wahariri, nafundisha historia hapa Gulu. Kila nikifika kwenye mazungumzo ya Nairobi ya 1985 na yale ya Juba, wanafunzi wananiuliza: hivi walipokuwa wakizungumza, walijua kwamba wanadanganyana? Na je, mtu aliye nje anaweza kutambua mapema kwamba upande mmoja umekuja kutafuta muda tu?
*Mwalimu, Gulu*

Mwalimu, anaweza, ila asitegemee hotuba. Anayetaka amani na anayetaka muda wa kujipanga hutamka maneno yale yale, na mara nyingi hata wajumbe wenyewe hawajaambiwa na wakubwa wao mpango wa kweli ni upi. Ukitaka kujua, tazama mambo yanayomgharimu mtu: askari wake wako wapi, nani kamtuma huyu aliyeketi mezani, na redioni anawaambia nini watu wake kwa lugha yao.

Chukua Nairobi. Jeshi la Tito Okello lilitwaa madaraka Uganda tarehe 27 Julai 1985. Mwezi uliofuata mazungumzo na jeshi la waasi la NRA, la Yoweri Museveni, yakaanza chini ya Rais Daniel arap Moi, na mkataba ukasainiwa tarehe 17 Desemba. Okello angekuwa mwenyekiti wa Baraza la Kijeshi, Museveni makamu wake, mapigano yasimame ndani ya saa 48, na Kampala iondolewe majeshi. Siku 40 baada ya saini hiyo, tarehe 26 Januari 1986, NRA ilikuwa imeiteka Kampala. Sasa waonyeshe wanafunzi ramani ya miezi ile. Wajumbe walikuwa wakigombania idadi ya viti barazani, huku magharibi NRA inatawala eneo lake yenyewe, mstari wa mapambano uko mto Katonga, na kambi za Masaka na Mbarara zimezingirwa. Nguvu za pande mbili zilikuwa zikibadilika kila wiki. Mkataba unaogawa madaraka kwa kipimo cha leo, wakati upande mmoja una uhakika kwamba mwezi ujao utakuwa na nguvu zaidi, huyo aliye njiani kushinda hana sababu ya kuuheshimu. Upande wa pili nao haukuwa na mikono safi: raia waliendelea kuuawa ndani ya Kampala, ambako serikali ilikuwa imekaribisha vikundi kadhaa vya silaha visivyotii amri moja. Kila upande ulipata ushahidi wa kusema mwenzake ndiye aliyeanza kuvunja. Mtu wa tatu wa kusimama Katonga na daftari, akaandika nani kapita na saa ngapi, hakuwapo. Kwa maoni yetu hilo liliiumiza nchi kuliko uongo wenyewe, kwa sababu uongo wa pande zote mbili ulikuwa unaonekana wazi.

Juba ilikuwa tofauti kidogo, na kwa darasa lako ina mafunzo zaidi. Mazungumzo yalifunguliwa tarehe 14 Julai 2006, msuluhishi akiwa Riek Machar, wakati huo Makamu wa Rais wa Sudan Kusini. Tarehe 26 Agosti serikali ya Uganda na waasi wa LRA walisaini kusitisha uhasama, na wapiganaji wa LRA wakapewa wiki tatu kukusanyika Ri-Kwangba, karibu na mpaka wa Congo, na Owiny-Ki-Bul upande wa mashariki. Angalia nani walikuwa mezani: ujumbe wa LRA ulijaa Waacholi waliokuwa wakiishi ughaibuni, si makamanda wa msituni. Joseph Kony, kiongozi wa LRA, na wenzake wanne walikuwa na hati za kukamatwa za Mahakama ya Kimataifa ya Jinai tangu 2005, kwa hiyo hawakuthubutu kukanyaga Juba. Msuluhishi akawa anazungumza na watu ambao hawana uwezo wa kumwamuru hata mpiganaji mmoja ashushe bunduki. Daraja lililobaki lilikuwa Vincent Otti, naibu wa Kony, aliyekuwa akiongea kwa simu na wajumbe na wanahabari. Oktoba 2007 Kony aliamuru auawe. Ukitaka siku ya kuwaonyesha wanafunzi kwamba hapa ndipo mambo yalipoharibika, onyesha hiyo. Mtu anayejiandaa kusaini hamuui yule aliyekuwa akimbebea mazungumzo.

Hata hivyo karatasi ziliendelea kusainiwa, na hili ndilo linalowachanganya watu wengi. Makubaliano ya usitishaji wa kudumu wa mapigano yalisainiwa tarehe 23 Februari 2008, miezi minne na kitu baada ya kifo cha Otti. Tarehe 10 Aprili wageni walikusanyika Ri-Kwangba kumsubiri Kony atie saini ya mwisho. Hakuja. Novemba hakuja tena. Tarehe 14 Desemba 2008 Uganda, pamoja na Congo na Sudan Kusini, ikashambulia kambi zake katika mbuga ya Garamba, huko Congo, naye akalipiza kwa kuchinja raia wa kaskazini-mashariki ya Congo wakati wa Krismasi. Na ili tuwe wakweli kwa pande zote: tangu miezi ya mwanzo timu ya waangalizi ilikuta kwamba LRA walikuwa wameondoka Owiny-Ki-Bul kinyume na makubaliano, na kwamba UPDF, jeshi la Uganda, nao walikuwa wamesogea karibu na mahali hapo pasipotakiwa.

Kuna swali moja gumu zaidi ambalo wanafunzi watakuuliza. Utamtofautishaje anayehitaji muda kwa kweli na anayeununua? Mwanzoni mwa 1994, kwenye mazungumzo yaliyoongozwa na Betty Bigombe, waziri wa Uganda, Kony aliomba miezi sita kukusanya watu wake. Serikali ilikuwa na habari kwamba anawasiliana na Khartoum, na mwezi Februari Rais akampa siku saba. Mazungumzo yakafa. Sisi tunaona miezi sita mitupu na siku saba yote mawili yalikuwa makosa. Muda hukatwa vipande, na kila kipande hupewa kazi inayomgharimu mwombaji. Wiki ya kwanza alete orodha ya watu na silaha. Wiki ya tatu watoke wagonjwa, wanawake na watoto. Wiki ya sita kikosi cha kwanza kifike na bunduki zake, zihesabiwe kwa namba za chuma. Chakula na dawa vifuate hatua, visiitangulie. Anayehitaji muda atalalamika kidogo kisha atatekeleza. Anayeununua atakwama kwenye orodha ile ya kwanza kabisa, kwa sababu orodha ikishatoka mikononi mwake hawezi kuirudisha.

Mimi nauza viazi na vitunguu Bunagana. Tangu waasi wa M23 waichukue Bunagana ya upande wa Congo, Juni 2022, kila baada ya muda tunaambiwa vita vimesimamishwa, na kesho yake tunasikia mizinga. Hizo saini wanazotia kwenye mahoteli ni za kazi gani? Nisaidieni, wanangu wanakula kwa biashara hii.
*Mama mfanyabiashara, Kisoro*

Mama, pole sana. Hilo jina M23 lenyewe ni tarehe: 23 Machi 2009, siku ambayo serikali ya Kinshasa ilisaini mkataba na kundi la waasi la CNDP. Waasi walipoibuka 2012 walisema mkataba ule haukutekelezwa. Wakashindwa vitani 2013, wakatia saini matamko ya Nairobi tarehe 12 Desemba 2013, na mwisho wa 2021 wakaibuka tena wakisema hayo nayo hayakutekelezwa. Kinshasa kwa upande wake inasema kundi hilo ni mkono wa Rwanda. Julai 2024 Congo na Rwanda zilikubaliana mjini Luanda kusimamisha mapigano kuanzia tarehe 4 Agosti. Mwishoni mwa Januari 2025 M23 wakaingia Goma, na Februari wakaingia Bukavu.

Fundo lake ni la mpangilio: nani aanze. Rwanda inadai FDLR, kundi la waasi wa Kihutu kutoka Rwanda walioko Congo, wavunjwe kwanza ndipo iondoe inachokiita hatua za kujihami. Congo inadai askari wa Rwanda waondoke kwanza. Kila mmoja anaweza kutia saini kwa mikono miwili akijua kwamba zamu yake haitafika, maana zamu ya mwenzake haitakamilika. Fundo hili lilionekana Ulaya pia. Kwenye makubaliano ya Minsk ya Februari 2015 kuhusu mashariki ya Ukraine, kipengele kimoja kilisema Ukraine irudishiwe mpaka wake na Urusi baada ya uchaguzi na suluhu ya kisiasa. Kyiv ikasema uchaguzi wa haki hauwezekani wakati mpaka huo uko mikononi mwa wengine. Miaka saba ikapita hapo hapo, kisha vita vikubwa.

Dawa ya kiufundi ya fundo hili inajulikana: hatua ndogo za pamoja, kila upande utoe kidogo siku ile ile, kilima kwa kilima, na kila hatua ithibitishwe kabla ya inayofuata. Misri na Israel walifanya hivyo Sinai. Mkataba ni wa Machi 1979, Israel ikaondoka kwa awamu hadi Aprili 1982, na jangwa likagawanywa kanda zenye viwango vya askari na vifaru vinavyoruhusiwa, zikikaguliwa na kikosi cha kimataifa ambacho bado kipo. Hawakuwa marafiki. Hata ufukwe mdogo wa Taba uliwapeleka kwa wasuluhishi wa kisheria hadi 1988, kwa sababu ya mahali hasa palipokuwa nguzo ya mpaka. Lakini hakuna aliyerudi vitani kwa ajili ya Taba.

Sasa hiyo mizinga ya kesho yake. Waangalizi wakiwepo, mambo matatu huwaharibia kazi. Kwanza, utaratibu wa uhakiki wa nchi za Maziwa Makuu, ulioundwa 2012, uliwekwa Goma na unaundwa na maofisa waliotolewa na nchi wanachama, zikiwamo zinazolaumiana. Ripoti inayohitaji saini ya mtuhumiwa hupungua makali kila inapopita mezani. Pili, mwangalizi akitaka kwenda mahali palipopigwa huomba ruhusa kwa mwenye bunduki, na akifika siku ya tatu hakuti kitu. Shimo la kombora husema lilitoka upande gani, ila likipimwa mapema, kabla mvua haijanyesha na watu hawajaokota vipande.

Tatu ni umbali, na hapa udanganyifu hujificha kwenye namba ndogo tu. Kombora la mota ya milimita 82 hufika kama kilomita 4. La milimita 120 hufika kama 7. Mzinga wa D-30 hufika 15, na roketi za Grad kama 20. Ukisikia redioni kwamba majeshi yataachana kwa kilomita 5, jua kwamba mota kubwa bado inamfikia mwenzake bila kusogezwa. Ethiopia na Eritrea mwaka 2000 walikubaliana eneo la usalama la kilomita 25, na waliandika wazi kwamba kipimo hicho ni masafa ya mizinga. Minsk waliandika kwa aina ya silaha: mizinga mikubwa kila upande urudi hadi eneo la katikati liwe na upana wa kilomita 50, roketi 70, na roketi za masafa marefu 140. Siku hizi droni zimeufanya umbali pekee usitoshe, kwa hiyo mkataba usiotaja droni una tundu.

Kwa biashara yako, Mama, usipime amani kwa saini. Sikiliza kama tangazo limetaja vilima na vijiji kwa majina, kama limetaja kilomita, na nani atakagua na lini. Likitaja nia njema tu, mzigo wa kukopesha ng'ambo uwe mdogo, ule ambao ukipotea hautaifunga duka.

Wazee wa safu, salaam. Nimetumikia jeshi na sasa nimepumzika Bombo. Swali langu ni fupi. Mahakama ya kimataifa ikishaamua mpaka upite wapi, kwa nini watu bado wanapigana? Si ni kupanda mawe tu na kwenda nyumbani?
*Mzee mstaafu, Bombo*

Mzee wetu, kupanda mawe ni hatua ya tatu. Kwanza mpaka huelezwa kwa maneno: mto fulani, kilele fulani, mstari ulionyooka kati ya nukta mbili. Pili maneno hayo huchorwa kwenye ramani. Ndipo wapima ardhi wa pande zote mbili huenda porini pamoja kupanda nguzo, na baada ya hapo kuna kuzitunza, kazi ambayo nchi zetu huisahau hadi nguzo zinapong'olewa. Mdanganyifu anaweza kukubali hatua ya kwanza na ya pili kwa furaha, akaizuia ya tatu milele.

Mfano ni Badme. Ethiopia na Eritrea zilipigana kuanzia Mei 1998, maelfu kwa maelfu wakafa. Mkataba wa Algiers wa tarehe 12 Desemba 2000 ukaunda tume ya mpaka, na pande zote zikaahidi kwamba uamuzi wake utakuwa wa mwisho na wa kufungamana nao. Tume ikatoa uamuzi tarehe 13 Aprili 2002. Siku hiyo Addis Ababa na Asmara zote zilitangaza ushindi! Ramani ya uamuzi haikuonyesha kijiji cha Badme, kijiji kile kile kilichowasha vita, kwa hiyo kila mmoja aliweza kuwaambia watu wake kwamba amekipata. Mwaka uliofuata tume ikaeleza bayana kwamba Badme iko Eritrea. Ethiopia ikakataa kupanda nguzo. Eritrea nayo, kwa hasira, ikawabana walinda amani wa Umoja wa Mataifa: Oktoba 2005 ikapiga marufuku helikopta zao, baadaye ikawanyima mafuta, na mwaka 2008 ujumbe ukafungwa. Tume ilikuwa imeshachoka, Novemba 2007 ikatangaza mpaka kwa orodha ya nukta za ramani bila jiwe hata moja ardhini. Ethiopia ilikuja kutangaza kuukubali uamuzi ule 2018, miaka 16 baadaye.

Linganisha na Bakassi. Kamerun na Nigeria walikuwa na kesi yao The Hague, na rasi ile ina samaki, ina matumaini ya mafuta, na ina maelfu ya Wanigeria wanaoishi pale. Septemba 2002, mwezi mmoja kabla ya hukumu, Kofi Annan aliwakutanisha marais wao, Paul Biya na Olusegun Obasanjo, wakiwa bado hawajui nani atashinda, akawafanya waahidi kuiheshimu. Tunaliona hili kuwa jambo la busara kuliko yote katika kesi ile. Ahadi ya aliyekwisha kushinda haimgharimu kitu, na ya aliyekwisha kushindwa ni ngumu kuitoa. Ya asiyejua bado inaweza kutolewa na kukumbushwa. Hukumu ilipotoka tarehe 10 Oktoba ikiipa Kamerun rasi hiyo, Nigeria ilinung'unika, lakini tume ya pamoja ikaanza kazi mwaka huo huo. Mkataba wa Greentree wa tarehe 12 Juni 2006 uliipa Nigeria siku 60 kuondoa askari, na nyongeza isiyozidi siku 30. Marekani, Uingereza, Ufaransa na Ujerumani zilitia saini kama mashahidi. Wanigeria waliobaki waliwekewa kipindi cha mpito na haki zilizoandikwa, na kamati ya ufuatiliaji ikaundwa. Askari walianza kuondoka Agosti, na tarehe 14 Agosti 2008 makabidhiano yakakamilika. Ilichukua karibu miaka sita, na watu wengine waliumia kwa kuhamishwa. Lakini majeshi mawili hayakurudi vitani.

Mzee, kuna ujanja mwingine ambao askari wa zamu yako huenda hakuufundishwa: asiyeweza kuugombania mstari hugombania daftari la wapiga kura. Abyei, eneo lililo kati ya Sudan na Sudan Kusini, ilipata mipaka yake kutoka mahakama ya usuluhishi ya The Hague tarehe 22 Julai 2009, na wakazi walikuwa wapige kura Januari 2011 kuchagua kaskazini au kusini. Kura haikupigwa. Khartoum ilitaka wafugaji wa Misseriya, wanaopita pale na mifugo kila mwaka, wahesabiwe kuwa wakazi, Juba ikakataa, Mei 2011 jeshi la Sudan likaingia. Sahara Magharibi ndiyo kongwe zaidi. Kura ya kuchagua kati ya kujitegemea na kuwa sehemu ya Moroko ilipangwa Januari 1992. Sensa ya Hispania ya 1974 ilikuwa na watu kama 74,000, na ubishi wa nani ni Msahrawi, yaani mwenyeji, halali ukaendelea hadi mwisho wa miaka ya tisini: tume ikatambua wapiga kura karibu 86,000, kisha rufaa zikaja zaidi ya 130,000. Hakuna aliyelazimika kusema anaikataa kura. Ilitosha kukata rufaa.

Nasoma sheria Makerere. Je, msuluhishi ana ruhusa ya kuficha, au hata kudanganya kidogo, ili pande mbili zikubaliane?
*Mwanafunzi, Kampala*

Kuficha, ndiyo. Kudanganya, hapana, na sababu ni ya kazi zaidi kuliko ya dini: pande mbili zitakutana siku moja bila yeye, zitalinganisha maneno, na hapo ndipo anapokosa kazi milele. Siri ya upande mmoja huitunza. Akitaka kujua kama kuna nafasi ya kukubaliana, huuliza kwa sharti: "Wao wakikubali hili, ninyi mtasemaje?" bila kusema kama wamekubali.

Hatari kubwa zaidi ni ahadi za mdomo. Camp David, Septemba 1978, kwenye mazungumzo ya Misri na Israel, wasaidizi wa Rais wa Marekani Jimmy Carter walizunguka na rasimu moja, wakaiandika upya zaidi ya mara ishirini ndani ya siku 13, na njia hiyo ilifaa. Lakini kuhusu kusimamisha ujenzi wa makazi ya Waisraeli katika Ukingo wa Magharibi, Carter alitoka usiku akiamini Menachem Begin, Waziri Mkuu wa Israel, ameahidi kusimamisha muda wote wa mazungumzo ya utawala wa Wapalestina. Begin akasema aliahidi miezi mitatu. Huenda mmoja alidanganya, huenda walisikiana vibaya saa sita usiku wakiwa wamechoka. Dawa ni ile ile: ahadi iandikwe usiku huo huo, wote waweke alama ya jina pembeni, kabla mtu hajaenda kulala.

Kuhusu kuandika kwa utata ili wote wasaini: unavumilika kwenye dibaji na sifa. Usiuruhusu kwenye mstari, kwenye tarehe, wala kwenye swali la nani anaamuru askari. Mwaka 1949 India na Pakistan waliuchora mstari wa Kashmir hadi nukta iitwayo NJ9842, kisha wakaandika kwamba kutoka hapo unaendelea kaskazini hadi kwenye mabarafu. Walidhani hakuna atakayeyataka. Aprili 1984 jeshi la India likapanda barafu la Siachen, Pakistan ikafuata, na tangu hapo baridi na maporomoko ya theluji vimeua askari wengi kuliko risasi. Mazungumzo ya kuondoka hukwama pale pale: India inataka kwanza vituo vya sasa viandikwe kwenye ramani, ikihofia kwamba ikishuka mwenzake atapanda, na Pakistan haitaki kuvitambua kwa maandishi.

Sisi ni wavuvi wa Panyimur, Ziwa Albert. Wenzetu wa Mahagi na sisi tunaoana na kuzikana, lakini majini tunakamatwa, mashine zinachukuliwa, pesa zinadaiwa. Viongozi wetu wa mwalo wanataka tufanye makubaliano na wa ng'ambo. Tuandike nini, na tutawaaminije?
*Kiongozi wa wavuvi, Panyimur*

Kaka, mmefikiri vizuri. Kwanza msiguse swali la mstari uko wapi. Hilo ni la serikali mbili: baada ya ghasia za Agosti 2007 kwenye kisiwa cha Rukwanzi, marais walisaini makubaliano ya Ngurdoto, karibu na Arusha, tarehe 8 Septemba mwaka ule, na moja ya mambo waliyokubali ni kuuweka upya mpaka huo. Majini hakuna jiwe, kuna nukta za ramani tu, na ninyi mkianza kubishana nukta mtaonekana mnajitwalia kazi ya wakubwa. Andikeni kuhusu tabia: mtu akivuka afanywe nini, mali yake ikae wapi, irudi lini.

Mwambieni mwenyekiti wa LC, yaani baraza la kijiji, na askari wa majini kabla ya mkutano wa kwanza, wasije wakasikia kwa watu. Kila mwalo utoe watu wawili wenye simu zinazopatikana usiku, maana ukamataji mwingi ni wa usiku. Kila mtumbwi uandikwe namba kubwa ubavuni kwa rangi, na orodha ya namba hizo ikae pande zote mbili. Mtu akikamatwa, wa kwanza kufika na simu apige picha ya skrini inayoonyesha nukta ya mahali na saa. Mashine ipewe karatasi yenye namba yake ya chuma, nakala mbili, moja kwa mwenyewe. Bila karatasi hiyo mtajikuta mnabishana kuhusu mashine ambayo kila mtu anaapa hakuiona.

Kuaminiana msikungoje. Anzeni na jaribio dogo ambalo kushindwa kwake hakuwaumizi: wao warudishe mashine moja, ninyi mrudishe nyavu mlizonazo za kwao, siku moja, ufuo mmoja, mbele ya watu. Likifanikiwa, mwezi unaofuata ziwe tatu. Mikutano ipokezane, mwezi huu Panyimur, ujao ng'ambo, na mafuta ya boti yatolewe na mwenyeji, kwa sababu mikutano mingi ya namna hii hufa kwa kukosa lita kumi za petroli. Kijana wenu akivunja makubaliano, mshughulikieni ninyi kabla wenzenu hawajalalamika. Kwa hilo watawaamini kuliko kwa maneno yoyote mtakayoandika.

Litakalowaharibia zaidi ni uhamisho. Kamanda wa kituo hubadilishwa, mpya anafika hajui lolote, anakamata watu wawili usiku wa kwanza, na ng'ambo wanasema mmewageuka. Kwa hiyo andikeni ndani ya makubaliano kwamba ofisa mpya akiripoti, upande wowote, wazee wa mialo yote miwili waende kumsalimia pamoja wakiwa na nakala ya makubaliano na orodha ya mitumbwi, na kwamba mpaka hapo wenzao waambiwe kwa simu kuwa kuna mgeni kituoni, wavue karibu na kwao.